Simu ni Yako, Bundles ni Zako, Lakini Saa Zako Ziko kwa Mdosi

Hebu fanya hesabu kidogo kabla uendelee kusoma. Groups za WhatsApp za wera ziko ngapi kwa simu yako? Kuna ya ofisi, ya shift, ile ya "urgent", na ile nyingine mlifungua bila mdosi ndio mumseme vizuri. Sasa jiulize: hiyo simu ulinunuliwa na nani? Bundles za jana nani aliweka? Na ile meseji ya saa nne usiku ya "team, kindly confirm", ulilipwa ngapi kuijibu?

Wengi wetu jibu ni sufuri. Na hatushtuki, juu tulianza kazi tukakuta mambo iko hivyo. Lakini chukua mtu aliyeanza wera Nairobi mwaka wa 1990 akiwa na miaka 24. Pengine ni mathe wako, pengine ni yule odijo aliyekufunza hesabu primo. Huyo mtu sahi yuko kwa mlango wa kustaafu, juu serikalini umri wa kustaafu ni 60. Katika career moja tu ametoka kwa barua ya stempu hadi mkutano wa Zoom.

Stori ya hiyo career huwa inapigwa kama ya maendeleo pekee: zamani kulikuwa giza, simu ikaja, taa ikawaka. Kuna ukweli hapo na tutaufikia. Ila ukiifuata pole pole unaona kitu kingine. Kila teknolojia ilipoingia, bill ilihama. Gharama ya kuwasiliana ilitoka mfukoni mwa mwajiri ikaingia kwako, na ule muda wa kupumua kati ya swali na jibu, ambao ulikuwa wako, ukaenda na maji.

Enzi za sanduku la posta

Hadi 1999, barua, simu, telegramu na vibanda vya simu vyote Kenya vilikuwa chini ya shirika moja la serikali, KPTC. Ukitaka line nyumbani unajaza fomu, halafu unangoja, na kungoja kwenyewe kungeweza kuchukua miaka. Kwa hivyo kwa watu wengi simu ya maana ilikuwa ya ofisi. Ilikaa mezani, ikapitia kwa opereta, na bill ikaenda kwa kampuni. Kuna wadosi waliweka kufuli kwa ile sahani ya kuzungusha nambari ndio wafanyakazi wasipigie watu wa ushago.

Barua nayo ilikuwa safari. Mkubwa anaandika kwa mkono, taipisti anachapa na karatasi ya kaboni nyuma ndio kopi ibaki, inarudi kusainiwa, mesenja anaipeleka posta. Jibu likifika baada ya wiki mbili, hiyo ni mbio. Hiyo pole pole yote ilikuwa imeandika watu kazi: taipisti, opereta, mesenja, karani wa faili. Wasichana wengi waliingia tao kupitia college za secretarial, ambapo kasi ya vidole ndiyo ilikuwa CV.

Na saa kumi na moja jioni ikigonga, umeenda. Mdosi akikumbuka kitu saa mbili usiku alikuwa anangoja asubuhi. Si ati alikuwa na roho safi kuliko wako. Hakuwa na njia ya kukupata.

Lakini usiuziwe ati ilikuwa paradiso. Msee wa kibarua alikuwa anaamka alfajiri, anatembea kutoka mtaani hadi Industrial Area, anasimama kwa geti bila kujua kama leo kuna kitu. Fundi akikosekana base dakika kumi, kazi imeenda kwa mwingine. Ukiomba kazi kwa barua na jibu liingie sanduku la kanisa ama la shule, ungelipata interview ikiwa imeshapita. Ile pole pole ilikinga waliokuwa na kazi. Waliokuwa wanatafuta iliwachapa.

Flash ilikuwa na sheria

Mwaka wa 1999 KPTC iligawanywa: Telkom Kenya ikachukua simu, Posta ikachukua barua, na CCK, ambayo leo ni Communications Authority, ikapewa kusimamia sekta. Mwaka uliofuata Safaricom na KenCell zikaingia soko. KenCell ndiyo ilikuja kuwa Celtel, ikawa Zain, ikawa Airtel. Safaricom ilianza na wateja chini ya 20,000. Michael Joseph alipoachia usukani 2010, walikuwa wamepita milioni 16.

Kwa mtu wa chini hii ilikuwa mapinduzi ya ukweli. Plamba aliandika nambari kwa kibao akakipigilia kwa mlingoti wa stima, na sasa kazi ikamfuata alipo. Mama fua hakuhitaji tena kukaa kando ya barabara kutoka asubuhi akingoja mtu asimame. Zile nauli za kutafuta kazi isiyokuwepo zikapungua. Mtu akikuambia simu haijasaidia maskini, mwambie aulize fundi yeyote aliyefanya kazi kabla ya 2000.

Halafu kukawa na flash. Unapiga, inalia mara moja, unakata. Tulizoea kuicheka kama tabia ya watu wamesota, lakini angalia ilivyofanya kazi. Ilikuwa na sheria ambayo haikuandikwa popote: mwenye pesa ndiye anapiga. Mfanyakazi anaflash, mdosi anarudisha simu. Mdosi akiflash mfanyakazi, hiyo ingekuwa stori ya kuchekwa lunch time wiki nzima. Mtu wa kibarua mwenye Bamba 20 alikuwa amepata njia ya kumrudishia bill yule anayetaka kazi ifanywe.

WhatsApp iliua hiyo sheria bila kelele. Huko hakuna anayepiga na anayepigiwa, kila mtu yuko online kwa bundles zake. Supervisor anatupa video nzito kwa group ya watu 60, na kila mmoja anaifungua kwa pesa yake. Zamani kampuni ilinunua karatasi, kaboni, stempu na ikalipa bill ya simu. Leo data ndiyo karatasi na stempu, na anayeinunua ni wewe. Hakuna siku watu waliketi chini wakakubaliana hivyo. Ilitokea tu, na tukaendelea kusema "niko rada boss".

Doo inaingia, karatasi haziko

Machi 2007 M-Pesa ikaanza. Kibarua wa mjengo ambaye alikuwa anazungushwa na foreman hadi Jumamosi jioni sasa angelipwa palepale, na nusu ya doo ikafika ushago kabla hajatoka site. Hakuna tena kumtafuta dereva wa mat unayemwamini umpe bahasha. Maelfu ya maduka yakageuka ya M-Pesa, na vijana wakapata kazi nyuma ya kaunta.

Lakini kuna kitu kilipotea humo ndani. Kazi ikaanza kupatikana kwa simu, kuelekezwa kwa simu na kulipwa kwa simu, bila karatasi hata moja. Hakuna barua ya kazi, hakuna payslip. Siku mdosi akibadilisha nia, wewe unabaki na chat na ile meseji ya "Confirmed. You have received".

Na hapa ndipo wengi wetu hatujui haki zetu. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema kazi ya miezi mitatu au zaidi lazima iwe na mkataba ulioandikwa, na jukumu la kuuandika ni la mwajiri. Mkifika kortini na hana, yeye ndiye anabeba mzigo wa kupinga unachosema mlikubaliana. Sheria hiyo hiyo inasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofika mwezi mmoja hawezi kuendelea kuhesabiwa kama mtu wa siku. Hizo chats na statement za M-Pesa unazofuta ndio upate space ya TikTok zinaweza kuwa ushahidi wako wa pekee.

Fiber ilileta ulimwengu, na usiku wake

Hadi 2009 intaneti ya Kenya ilitegemea setilaiti. Ilikuwa bei, na ilikuwa inatambaa. Mwaka huo nyaya za TEAMS na SEACOM zikafika Mombasa kupitia chini ya bahari, EASSy ikafuata 2010, na mchezo ukabadilika. Ghafla kijana akiwa Roysambu angefanya kazi ya mteja wa Texas bila kupanda ndege. Wasee waliandikia wanafunzi wa Marekani na Uingereza insha hadi Nairobi ikajulikana dunia nzima kwa hiyo biashara. Wengine wakaingia transcription, customer care, na baadaye kufunza AI. Serikali ikaona, ikaleta programu ya Ajira Digital ikihimiza vijana watafute kazi za mtandaoni.

Hiyo kazi imelipa rent nyingi, tusidanganyane. Imesomesha watu na kujenga nyumba ushago. Ila angalia saa. Saa nne asubuhi New York ni saa kumi na moja ama kumi na mbili jioni Nairobi. Mteja anaanza siku wakati wewe unapaswa kuwa unachemsha sufuria. Kwa hivyo unalala mchana, unafanya wera usiku, na majirani wanadhani uko kwa mambo ya kuhepa karao.

Halafu kuna swali la bei na la mdosi ni nani. Januari 2023 jarida la TIME liliripoti kwamba wafanyakazi wa Sama hapa Nairobi walilipwa kati ya dola 1.32 na 2 kwa saa kusoma maandishi ya ukatili na dhuluma za kingono na kuyawekea lebo, ndio mfumo wa ChatGPT wa OpenAI ujifunze kuyatambua. Mwaka mmoja kabla, Daniel Motaung, aliyekuwa akichuja posti za Facebook ndani ya kampuni hiyo hiyo, alikuwa ameipeleka Sama na Meta kortini. Mwaka wa 2023 wachujaji wengine zaidi ya 180 wakafungua kesi. Meta ilijitetea kwamba haina makao Kenya, kwa hivyo korti za hapa haziwezi kuigusa. Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ikasema inaweza kushtakiwa hapa.

Shika hiyo hoja vizuri, juu inakuhusu hata kama hujawahi kuchuja posti. Mdosi wa 1990 alikuwa na sura na mlango. Ungeweza kuugonga, kupiga kelele nje, kuleta chama cha wafanyakazi. Mdosi wa leo anaweza kuwa kampuni iliyoajiriwa na kampuni nyingine, na ile ya juu inasema haikujui. Kuamua tu ni nani unaweza kumshtaki kulichukua miaka miwili ya korti.

Ama mdosi ni app. Uber iliingia Nairobi Januari 2015 na wenye magari wakachukua mikopo wakijua hesabu ni safi. 2016 nauli ikapunguzwa. Madereva waliandamana, lakini app haina ofisi ya foreman wa kumwambia "hii haiwezi". Machi 2024 jukwaa la Remotasks, ambalo wasee wengi walikuwa wanafanyia kazi za AI, lilifunga milango kwa Kenya. Mtu analala na kazi, anaamka bila.

Na mtandao wenyewe ukianguka? Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu na intaneti ikawa ya kubembeleza. Juni 25 mwaka huo, siku ya maandamano ya Finance Bill, mtandao ulisumbua tena. Taipisti wa 1990 stima ikipotea ofisini alikaa akanywa chai na mshahara ukaendelea. Wewe stima ikipotea kejani, deadline iko pale pale, na hasara ni yako.

Covid ilihamisha ofisi hadi jikoni

Machi 2020 Kenya ilitangaza kisa cha kwanza cha Covid na kabla mwezi uishe tukawa kwa kafyu. Ofisi nyingi zikasema wasee wafanye kazi nyumbani. Tulishangilia juu hakuna jam ya Mombasa Road. Lakini kampuni ikaokoa stima, maji, chai na tishu. Wewe ukaongeza WiFi, ukageuza meza ya kula kuwa ofisi, na ukaanza kuambiwa uwashe kamera nguo zikiwa zimeanikwa nyuma yako.

Corona ikapungua, tabia ikabaki. Mkutano wa saa moja usiku ni kawaida. Jumapili ukiwa kwa nyama choma, simu inatetemeka. Ukisoma na ulenge, blue ticks zinakuuza. Ukizima blue ticks unaonekana unaficha kitu. Sahi jibu la haraka limekuwa kipimo cha bidii, hata kama kazi yenyewe ingengoja Jumatatu bila mtu kufa.

Sheria inasema nini

Sheria haijanyamaza kabisa. Kwa kanuni za jumla za mishahara, wiki ya kawaida ya kazi ni saa 52 kwa siku sita. Ukipita hapo, overtime ya siku ya kawaida ni mara moja na nusu, na siku ya mapumziko ama sikukuu ni mara mbili. Sheria ya Ajira nayo inakupa angalau siku moja ya kupumzika kwa kila siku saba. Shida ni kwamba hizi kanuni ziliandikwa zikimfikiria mtu anayeingia kwa geti na kutoka. Meseji 30 za usiku ni overtime? Hakuna anayezihesabu, na mdosi hana haraka ya kuanza.

Seneta wa Nandi, Samson Cherargei, alijaribu kuziba hilo shimo kwa mswada wa kurekebisha Sheria ya Ajira, ule wa "haki ya kuzima simu". Ulitaka mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya 10 awe na sera kuhusu kuwasiliana nje ya saa za kazi, na anayekiuka akabiliwe na faini ya hadi Sh500,000 ama jela mwaka mmoja. Chama cha waajiri, FKE, kiliupinga.

Upande wa waajiri uko na point moja ambayo hatuwezi kuilenga: kazi nyingi za online ziko hapa juu tunakubali saa za wateja wa nje. Tukiwa wagumu, zinaweza kuhamia kwingine. Sawa. Lakini kuuza usiku wako ni tofauti na kuutoa bure. Nesi wa night shift anajua shift yake inaanza saa ngapi na inaisha saa ngapi, na anajua kesho analala. Mtu wa group ya WhatsApp yuko kwa shift ambayo haina mwisho.

Na kuna shimo kubwa zaidi. Sheria kama hiyo inamlinda aliyeandikwa kazi. Dereva wa app, mtu wa nduthi wa delivery na freelancer wanaitwa "washirika" ama "wateja wa jukwaa". Huyo akizima simu, hakuna anayemfuta. App inampa mwingine kazi tu. Haki ya kuzima simu bila haki ya kuitwa mfanyakazi itasaidia wasee wa ofisini na kuwaacha wale wa barabarani. Ukisikia mjadala huu umerudi Bunge, hilo ndilo swali la kumuuliza mbunge wako.

Sasa wewe utado?

Usingoje Bunge. Ukipewa kazi mpya, pamoja na kuuliza mshahara uliza vitu vitatu: simu na data zinalipiwa na nani, mwisho wa siku ni saa ngapi, na nikitafutwa baada ya hapo inahesabiwa vipi. Uliza mapema, kabla ya kusaini, juu hapo ndio uko na nguvu kidogo. Wakisema hakuna airtime allowance, angalau umejua mshahara halisi ni ule wameandika ukitoa bundles.

Kama uko kazini tayari, weka rekodi. Andika saa ulizoitwa nje ya wakati kwa mwezi mmoja. Hifadhi chats za maagizo na statement za malipo mahali ambapo hazitapotea na simu. Mkiwa wengi mnaumia, ongeeni kama kikundi, kwa sababu mmoja akiuliza anaitwa mkaidi, kumi wakiuliza inaitwa mkutano. Wachujaji wa Facebook na TikTok walifika Nairobi Mei 1, 2023 wakapiga kura kuunda chama chao, na walikuwa watu waliofunzwa kunyamaza kwa mikataba ya siri.

Na kama wewe ndiwe mdosi, hata wa watu wawili tu kwa duka lako la nguo, jiangalie pia. Ile meseji unataka kutuma saa nne usiku, iandike, halafu uitume asubuhi. Simu yako inaweza kukupangia hiyo. Ukishindwa kabisa kungoja, basi weka bundles za mfanyakazi wako kama vile ungemnunulia kalamu.

Mtu anayestaafu sasa alianza kazi wakati mawasiliano yalikuwa mali ya mwajiri, na anamaliza wakati ni mzigo wa mfanyakazi. Alivuka hiyo mto bila kuulizwa. Wewe bado uko na miaka 30 ama 40 ya wera mbele yako, na teknolojia zingine zitaingia hapo katikati. Kila moja ikifika, kabla ya kuuliza inafanya nini, uliza inalipiwa na nani.